Unguja ya Wakulima, Kabla ya Mji Mkongwe

Malindi asubuhi haina utulivu. Samaki wanashushwa dikoni, abiria wa Pemba na Dar es Salaam wanakimbilia boti, makuli wanahangaika na mizigo. Bandari hii kwa miaka mingi ndiyo imekuwa lango la chakula cha Unguja, na katika vyakula vyote vinavyopita hapo hakuna kinachongojwa na watu kama mchele. Visiwa vinalima mpunga, lakini hautoshi, na Ramadhani inapokaribia mazungumzo ya bei ya mchele hutawala mabarazani. Hatua chache kutoka bandarini, ndani ya vichochoro, umesimama Msikiti wa Malindi wenye mnara mchongoko, mmoja kati ya michache ya umbo hilo katika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Wageni husimamishwa hapo, wakapiga picha, wakaambiwa kuwa hii ndiyo Zanzibar ya kale.

Ni kale, lakini si kale ya mwanzo. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya kuwashinda Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na majumba mengi ya mawe yaliyouingiza Mji Mkongwe kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 ni ya karne ya 18 na 19. Miaka elfu moja kabla ya majumba hayo Unguja ilikwisha kuwa na vijiji. Watu wake walilima, walivua, walifua chuma, walikaa katika nyumba za miti na udongo, na walipohama hawakuacha kuta za kupigwa picha. Waliacha vigae, mifupa ya samaki, mavi ya chuma na punje za nafaka zilizoungua. Mazungumzo ya leo, msikilizaji, ni juu ya vijiji hivyo.

Kinachojulikana zaidi ni Unguja Ukuu. Kipo kusini-magharibi ya kisiwa, kando ya Ghuba ya Menai, kiasi cha kilomita 25 kutoka mjini. Kijiji cha leo kipo hai, chenye watu, skuli na misikiti, na wakaazi wa Kaebona na Kaepwani wanalima na kuvua kama wazee wao. Chini ya makonde yao, baina ya ufukwe na kijito cha mikoko, yamelala makazi ya watu wa karne ya 7 hadi ya 11, yaliyoenea zaidi ya hekta 15. Mkulima akilima hapo baada ya mvua, jembe humletea vigae juu. Watoto wa hapo wanavijua tangu wadogo.

Dunia ya nje iliisikia Unguja Ukuu kwanza kwa sababu ya dhahabu. Katika karne ya 19 zilifukuliwa sarafu za dhahabu hapo, na moja ilikuwa dinari ya dola ya Abbasi kutoka mwisho wa karne ya 8, zama za Khalifa Harun al-Rashid wa Baghdad. Mwaka 1966 mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick aliandika juu ya dinari hiyo na juu ya vyungu vya kigeni vilivyoonekana hapo. Miaka ya 1980 akaja mtaalamu mwingine, Mark Horton. Lakini kazi iliyoiweka Unguja Ukuu mahali pake ilifanywa na Mzanzibari, Abdurahman Juma, aliyechimba hapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na kutoa kitabu cha utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, mwaka 2004. Juma aliandika juu ya mahali hapo kwa jicho la mwenyeji: aliuona mji unaoota kutoka kwenye shughuli za watu wa hapo hapo, badala ya kituo kilicholetwa na majahazi ya Waarabu na Waajemi. Kwa muda mrefu watu walifundishwa kinyume chake, kwamba pwani ililala mpaka wageni walipoiamsha. Vigae vya Unguja Ukuu vinakataa. Vyombo vya nje vipo, tena vizuri, vyenye rangi ya kijani na buluu kutoka Ghuba ya Uajemi. Ila kwa kila kigae cha nje vipo vingi sana vya vyungu vya kienyeji, vilivyofinyangwa kwa mkono na kuchorwa shingoni safu za pembetatu kabla havijachomwa. Nakshi hiyo hiyo imeonekana kutoka Lamu mpaka Msumbiji, na bara ndani pia. Waliovifinyanga walikuwa watu wa pwani hii na wa bara yake.

Dinari inavutia. Lakini dinari haimwambii mtu wa leo watu wa kijiji walikula nini jioni, na hapo ndipo kazi ya miaka ya karibuni ilipofungua mlango mpya.

Kazi yenyewe ni ya subira na vifaa vyake ni vya kawaida. Udongo wa jalala la kale, au wa mahali palipokuwa na mafiga, hutiwa ndani ya pipa la maji na kukorogwa taratibu. Mchanga na mawe huzama. Vipande vya mkaa, vyepesi, huelea, na pamoja navyo huelea mbegu zilizoungua bila ya kugeuka majivu: punje zilizoangukia motoni wakati mwanamke wa kijiji alipokuwa akikaanga au akipika, karne nyingi zilizopita. Huenguliwa kwa kitambaa chepesi, hufungwa, huanikwa kivulini zisipasuke, kisha hukaguliwa moja moja chini ya hadubini. Punje ya uwele ni ndogo na duara, ya mtama ni kubwa kidogo na bapa, na kipande cha ganda la mpunga hujulikana kwa vijigololi vyake vilivyopangika kwa mistari. Moto ambao kwa kawaida huangamiza ndio uliozihifadhi, kwa sababu mbegu iliyogeuka mkaa haiozi wala hailiwi na wadudu.

Mwaka 2016 mtafiti Alison Crowther na wenzake walitoa matokeo ya mbegu za namna hiyo kutoka sehemu nyingi za pwani, visiwa vya Unguja na Pemba, Komoro na Madagaska. Unguja Ukuu ilikuwamo. Jawabu lilikuwa wazi: wakulima wa pwani ya Tanzania na Kenya katika karne hizo walitegemea mazao ya Afrika, yaani mtama, uwele, ulezi na kunde, pamoja na ubuyu. Mpunga ulikuwapo, lakini kwa punje chache. Wakati huo huo, Komoro na Madagaska mambo yalikuwa mengine: huko watu walikuwa wakila mpunga na chooko, mazao yaliyovuka bahari kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, upande ule ule ilikotoka lugha ya Kimalagasi. Bahari moja, jahazi zile zile, na vyungu viwili tofauti mafigani.

Mifupa nayo imesema. Unguja Ukuu imetoa mifupa ya samaki wa mwambani kwa wingi, ya mbuzi na ng'ombe, ya wanyama wa porini, na pia ya kuku na ya panya weusi, wanyama wawili wenye asili ya Asia. Kuku aliletwa na mtu kwa makusudi. Panya alijileta mwenyewe ndani ya majahazi, akashuka na mizigo, akapata ghala la nafaka la kuishi. Panya akikaa mahali, chakula kipo na ghala zipo. Ni ushahidi wa kilimo ambao hakuna aliyekusudia kuuacha.

Hadithi ya mpunga yenyewe, lakini, imesomwa vizuri zaidi Pemba, na hapo panastahili kutuliwa.

Kaskazini ya Pemba, wilaya ya Micheweni, ipo Tumbe, inayojulikana leo kwa mnada wake wa samaki. Jirani yake ipo Chwaka ya Pemba, tofauti na Chwaka ya Unguja, yenye magofu ya misikiti na makaburi ambayo wenyeji huyanasibisha na Haruni, mtoto wa mtawala Mkama Ndume wa Pujini. Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher wamefanya utafiti sehemu hizo mbili kwa miaka mingi. Tumbe ya kale ilikaliwa baina ya mwaka 600 na 950 hivi. Ilikuwa kubwa, zaidi ya hekta 20, na haikuwa na jengo hata moja la mawe. Ukubwa wake ulijulikana kwa kuchimba vishimo vidogo kwa mistari na kupima udongo wa kukandikia uliotoka katika kila kishimo, maana nyumba ya udongo ikiungua kuta zake huwa ngumu kama vigae. Kipande cha udongo huo kikishikwa mkononi huonesha wazi mifereji ya fito zilizokandikwa, na pengine alama ya kamba iliyozifunga. Anayejua kukandika nyumba hahitaji kufasiriwa.

Wakulima hao wa Tumbe walitengeneza pia shanga za kome na makombe ya baharini. Vigae vyenye michirizi mirefu, vilivyotumika kama tupa ya kusugulia shanga hizo, vimeokotwa hapo kwa wingi usio wa kawaida. Kwa hiyo neno mkulima lisimfanye mtu afikirie kijiji kilichojifungia. Msimu wa mvua ulikuwa wa jembe, bahari ilikuwa mlangoni, na kazi za mikono ziliwapatia vyombo vya Uajemi ambavyo vipande vyake vimo katika jalala lile lile la mifupa ya samaki na makaa ya nafaka.

Kisha, katika karne ya 10, Tumbe ikahamwa. Miaka kama mia baadaye Chwaka ikaanza kukua, na safari hii ukajengwa msikiti, baadaye misikiti mingine ya mawe na makaburi ya heshima. Fleisher alipozunguka mashamba ya eneo hilo akitafuta athari za vijiji vidogo, aliona kwamba vijiji vilivyokuwa vimetapakaa wakati wa Tumbe vilipungua sana mara miji ya mawe iliposimama. Watu hawakupotea. Walihama makonde wakaenda kuishi mjini.

Sarah Walshaw ndiye aliyesoma mbegu za sehemu zote mbili, na alichokiona kinamgusa kila anayekula wali. Tumbe walikula uwele zaidi ya nafaka nyingine, na mpunga kidogo. Chwaka, kuanzia karne ya 11, mambo yakageuka: mpunga ukawa ndio nafaka kuu, na nazi na pamba zikaonekana. Kwa mkulima huo si uamuzi mdogo. Uwele unavumilia ukame na ardhi dhaifu. Mpunga unataka bonde lenye maji, unataka kupaliliwa tena na tena, unataka watu wa kukaa dunguni kuamia ndege kutoka alfajiri hadi magharibi, kisha uvunwe, upurwe, utwangwe na upepetwe. Mtu hajiongezei kazi kiasi hicho kwa njaa tu. Maelezo ya Walshaw ni kwamba wali ulikuwa chakula cha heshima, cha kukirimu wageni, cha sikukuu na cha mji wa Waislamu wenye nafasi. Fleisher naye ameonesha kuwa katika karne hizo mabakuli mapana ya kulia yaliongezeka kulinganisha na vyungu vya kupikia, dalili ya watu kula kwa jamaa na kukirimiana. Anayekaa leo kwenye jamvi la shughuli, mikono mitano kwenye sinia moja la pilau, anafuata desturi iliyoanza kujengeka wakati huo.

Na ilikua. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alivisifu visiwa vya Pemba, Unguja na Mafia kwa wingi wa chakula, mchele ukiwemo. Pemba ndiyo iliyolisha Mombasa, na Malindi ile nyingine ya Kenya, wakati ambapo Mji Mkongwe wa leo ulikuwa bado ni makazi madogo kwenye rasi ya Shangani.

Kaskazini ya Unguja nako kuna athari za thamani kubwa. Fukuchani, ufukweni mkabala na Tumbatu, wengi huijua kwa gofu la karne ya 16 linaloitwa nyumba ya Mreno. Chini na kando ya gofu hilo kilikuwapo kijiji cha nyumba za udongo kilichoanza karibu na wakati mmoja na Unguja Ukuu, cha wavuvi, wakulima na watengeneza shanga. Ng'ambo ya pili, Makutani katika kisiwa cha Tumbatu, ulisimama mji wa mawe wa karne ya 12 hadi ya 14, wenye msikiti ambao kuta zake bado zinatazama bahari. Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 13, aliutaja: watu wa Unguja, alisema, wamehamia kisiwa kiitwacho Tumbatu, na wao ni Waislamu. Kuhama, basi, kumo katika habari za Unguja tangu kuandikwa kwake kwa mwanzo.

Mkokotoni, upande wa pili wa mkondo, ilikuwa ya wakati mmoja na Tumbatu. Henriette Rødland, aliyezifanyia utafiti sehemu hizo mbili na kumaliza kazi yake mwaka 2021, alichagua kuwatazama watu ambao hawakuwa na nyumba za mawe: mafundi, wakulima, watu wa kazi. Ni uchaguzi mwema. Kwa kila familia iliyokaa nyuma ya ukuta wa mawe ya matumbawe, zilikuwapo nyingi zilizokandika udongo, na hizo ndizo zilizozalisha chakula cha wote.

Na bara ya kisiwa, mbali na fukwe? Wolfgang Alders amepita katika ardhi nene ya kaskazini ya Unguja akikusanya vigae konde kwa konde, na ameonesha kuwa wakulima walikuwa wakiishi huko tangu karne ya 11. Juu ya ardhi hiyo hiyo ndiko yalikoenea mashamba ya mikarafuu ya karne ya 19. Historia ya mashamba hayo, ya mabwana wake na ya watumwa waliolazimishwa kuyafanyia kazi, inafundishwa skuli, na ni lazima ifundishwe. Ya wakulima waliotangulia kwa miaka 800 haifundishwi, na mtoto wa Unguja hukua akidhani kuwa kilimo cha kisiwa chake kilianza na karafuu.

Wenzetu wengine wameshalitatua kwa vitendo suala hili la kuwakumbuka wakulima wa kale. Uingereza, katika eneo la Yorkshire, kuna kijiji kiitwacho Wharram Percy kilichohamwa karibu na mwaka 1500, wenye ardhi walipoona ufugaji wa kondoo una faida zaidi kuliko wakulima. Maurice Beresford na John Hurst walikichimba kila kiangazi kutoka 1950 hadi 1990. Kilichobaki juu ya ardhi ni gofu la kanisa na matuta ya majani yanayoonesha zilipokuwa nyumba. Hakuna kasri hapo, na wakaazi wake wengi hawakuwa na cheo. Hata hivyo mahali hapo panalindwa, pana vibao, na watu hwenda kutazama wakulima wa zamani walivyoishi. Unguja Ukuu ina umri mkubwa kuliko sehemu kubwa ya kinachoonekana Wharram Percy, na habari zake zinafika Baghdad.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka, habari zilienea duniani siku hiyo hiyo, na ilistahiki, kwani watu walipoteza maisha na jengo lile ni fahari ya Forodhani. Kijiji cha udongo kikiharibika hakitoi kishindo. Msingi wa nyumba mpya unachimbwa, mchanga unapakiwa kwenye lori, kiwanja cha hoteli kinasawazishwa, na katika asubuhi moja linaondoka jalala lililokusanya karne tatu za chakula cha watu. Haliwezi kukarabatiwa kama ukuta. Thamani yake yote imo katika mpangilio wa matabaka: kigae gani kilikuwa chini ya kipi, punje ipi ilikuwa karibu na mafiga yapi. Yakishachanganywa, kinachobaki ni kifusi.

Sheria za kulinda mambo ya kale Zanzibar ni za tangu enzi ya ukoloni, na kizuizi cha kwanza kimeshaondoka: wataalamu wanajua vijiji hivi viko wapi. Kilichobaki ni kuvifanya viwe vya watu wote. Vibao vya Kiswahili viwekwe Unguja Ukuu, Fukuchani na Tumbe, vikieleza walimokaa wakulima na walichokula. Makumbusho zionyeshe punje ya uwele iliyoungua karibu na sahani ya Kichina, na kipande cha udongo chenye alama za fito karibu na mlango wa nakshi. Walimu wa Wilaya ya Kati wasisubiri basi la kwenda mjini kuwaonesha wanafunzi historia, kwani nyingine wamekaa juu yake.

Nawe msikilizaji, ukiwa unalima, unachimba kisima au unajenga, ukakuta vigae vingi vyenye michoro, udongo mweusi wenye makaa na makombe, au shanga, simamisha jembe mahali hapo. Usivioshe, usivigawe kwa majirani wala usimuuzie mpita njia. Mwite sheha, na kupitia kwake ipelekwe habari kwa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, ukionesha hasa ni wapi na ni kina gani vilipotoka.